Kolekole Ipo Baharini

Kwa mujibu wa karatasi, boti ya doria Kolekole ilikuwa baharini kwa miaka sita na miezi minne bila kurudi. Kwa mujibu wa macho, ilikuwa imefungwa kamba gatini, hatua arubaini chini ya dirisha la Dorkasi, inang'aa kama sinia la harusi. Na kwa kuwa Kikosi cha Ulinzi Mwambao kiliendeshwa kwa karatasi wala si kwa macho, hakuna aliyeona tatizo.

Dorkasi ndiye aliyekuwa karani mkuu wa kikosi pale Tanga. Baba yake aliteremka kutoka Mlalo kuja kukata mkonge Muheza, mkono mmoja Biblia, mkono mwingine panga, na binti akarithi vyote viwili: imani ya baba, na ulimi mkali kama lile panga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Katika muda huo alikuwa amejifunza jambo moja ambalo hawafundishi chuoni: jeshi la majini wakati wa vita hupigana na adui, na wakati wa amani hupigana na kutu na fomu. Kutu ilikuwa ya Kamanda Wilfred. Fomu zilikuwa zake.

Kamanda Wilfred alikuwa mtu wa milimani asiyejua kuogelea, na labda ndiyo maana alipenda boti ikae mahali anapoiona. Kila mwisho wa mwezi Kolekole ilipigwa mikono miwili ya rangi ya kijivu, na vishikio vya shaba vikasuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele yake. Maharusi wa Raskazone walikuja kupiga picha wameegemea ubavu wake, naye kamanda akasimama pembeni na kitambaa, akingoja waondoke afute alama za vidole.

Fomu nazo zilikuwa na asili yake. Siku kikosi kilipoundwa, wakubwa walitaka kitabu cha kanuni, na kitabu pekee kilichopatikana kilikuwa kabatini, kimechapwa Ulaya mwaka 1884 kwa ajili ya manowari za matanga na makaa ya mawe. Kilieleza namna ya kuendesha jeshi la majini wakati wa amani: nani ahesabu mapipa, nani apigiwe mizinga mingapi, baharia mwenye mguu wa mti apewe kiatu kimoja au viwili. Iliundwa kamati ya kukitafsiri. Kamati ilitafsiri sura kumi na tatu, posho ikakatika, na kamati ikakatika hapo hapo.

Basi Dorkasi akaishi na sura kumi na tatu. Kila Jumamosi aliandika: mizinga, hakuna, baruti, hakuna, matanga, hakuna, mbuzi wa maziwa, mmoja. Huyo mbuzi alinunuliwa kwa sababu makao makuu waliwahi kurudisha fomu wakiuliza kwa nini safu ile ni tupu. Mizinga haikuwasumbua.

Sura ya kumi na nne, ile isiyotafsiriwa, ilihusu adhabu. Karani aliyemtangulia, mzee Manase, alizishona kurasa zake kwa uzi mweusi, na siku anastaafu akamwambia, "Mwanangu, hapa usifungue. Mambo ya wazungu wa zamani haya. Humu wanatundika watu kwenye mlingoti." Dorkasi hakufungua. Lakini tangu Januari 2019 hakupitisha wiki bila kuutazama ule uzi.

Maana kosa lilikuwa lake, na alilijua peke yake.

Ilikuwa hivi. Kolekole ilipangiwa kuondoka Jumatatu alfajiri kwenda doria mpaka Mkwaja. Jumapili yake, mtoto wa dada yake alikuwa anapata kipaimara kule Soni, na Dorkasi asingeweza kurudi kabla ya Jumatatu mchana. Basi Ijumaa jioni, kwa wino, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala upande, akaandika katika daftari la safari: "Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Kolekole imeng'oa nanga. Serahangi Uweso, fundi mitambo Noa. Bahari shwari." Akaweka nakala kwenye bahasha ya ripoti ya mwezi, akaifunga, akaenda zake kula pilau ya kipaimara.

Jumatatu mvua ilinyesha hadi bata wakatafuta pa kujibanza, na injini ya Kolekole ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Dorkasi aliporudi na kikapu cha matunda damu, alikuta boti iko gatini, Uweso na Noa wanakunywa chai, na bahasha imeshakwenda makao makuu. Akafungua kitabu. Kanuni ya tisa ilisema: lililoandikwa halifutwi, halikwanguliwi, wala ukurasa haunyofolewi. Chombo kilichoondoka kipo baharini mpaka kipokelewe.

Mwisho wa mwezi akaandika, "Kolekole: ipo baharini." Makao makuu wakajibu, "Imepokelewa." Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Ripoti sabini na sita. Noa akazaa watoto wawili akiwa baharini, ofisi ya bima ikaandika barua ya kuulizia kwa heshima, na Dorkasi akawajibu kwamba kanuni haikatazi.

* * *

Mwezi wa tano, masika yakiwa bado yanadondoka, Uweso aliingia ofisini amevaa kanzu nyeupe na uso wa mtu aliyeokota nyota. Uweso ndiye serahangi, yaani mkuu wa mabaharia, mtu wa Chumbageni, mwenye miaka hamsini na minane na kicheko cha kijana wa ishirini.

"Bi Dorkasi, jina limetoka! Mimi na Sabiha, msafara wa hija. Ndege Ijumaa ya wiki ijayo, inshallah."

Dorkasi aliinuka akampa mikono yote miwili. Miaka kumi na moja alikuwa akimsikia mtu huyu akiisema safari hiyo. Mwaka wa kwanza mama yake aliugua, mwaka mwingine ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, mwaka mwingine nafasi zikajaa wakiwa mlangoni kabisa.

"Na nimekuja kwako na ombi," Uweso akasema, na sauti ikashuka. "Mwenye kwenda hija huomba radhi. Kama nimekukosea, Bi Dorkasi, kwa neno, kwa kitendo, au kwa jicho, nisamehe kwa ajili ya Mungu."

"Nimekusamehe. Hata ile sufuria yangu ya ubwabwa."

"Sufuria gani?"

"Ile uliyoazima wakati wa maulidi ikarudi haina mfuniko."

Uweso akashika kichwa. "Ya salaam! Watu wa Tanga nyinyi hamna dogo. Siku tatu nazunguka naomba radhi, kumbe nimefungua mahakama. Kinyozi amenisamehe, lakini kwanza kanikumbusha jogoo wake wa mwaka tisini na nane. Bibi mmoja pale Sahare kanisamehe kisha kanitandika kofi, eti sasa tuko sawa. Hata mbuzi wa kikosi nimemwomba, maana maziwa yake nimeyanywa sana bila idhini."

"Akasemaje?"

"Kanigeuzia mgongo. Bado namsubiri." Akatoa karatasi mfukoni. "Sasa kiongozi wa msafara anataka barua ya ruhusa ya mwajiri. Ni kalamu yako tu, Bi Karani."

Dorkasi aliandika ombi siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kesho yake, haraka kuliko jibu lolote alilowahi kupata kutoka makao makuu, na akalisoma amesimama, kisha akalisoma ameketi. "Mtumishi tajwa yupo baharini. Mtumishi aliye baharini hapewi ruhusa mpaka chombo chake kirudi na kupokelewa. Kwa kuwa chombo kimezidi siku thelathini, kitapokelewa na Mkaguzi mwenyewe, Jumatano saa nne asubuhi. Andaeni gwaride."

Alimwita Uweso, na Sabiha akaja naye, maana masanduku walikuwa wananunua pamoja.

"Uweso, kaa chini. Ruhusa imekwama. Wewe uko baharini."

"Mimi?"

"Tangu Januari 2019."

"Mbona jana nilikuwa Ngamiani nanunua ndala za ihramu?"

"Kwa karatasi uko baharini. Kolekole haijarudi."

Uweso akachungulia dirishani. Kolekole ilikuwa pale pale, na kamanda alikuwa akiipuliza vumbi kwa mdomo.

Sabiha, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, akakunja buibui lake vizuri kabla ya kusema. "Ngoja kwanza, shoga. Mume wangu yuko baharini mwaka wa saba?"

"Ndiyo."

"Basi huyu ninayelala naye kila siku ni nani? Maana anakoroma kama Uweso, na anaacha soksi kama Uweso. Kama si yeye niambie mapema, nipate na mimi mtu wa kumwomba radhi."

Wote wakacheka, na Dorkasi akacheka nao. Hakuwaambia nani aliiandika Kolekole iondoke. Alisema tu kwamba "daftari linasema hivyo," kama vile madaftari hujiandika yenyewe.

"Dawa yake ni moja," akasema. "Itoke, kisha irudi. Mkaguzi aikute inaingia."

Uweso akafikiri. "Huo si uongo. Boti itakuwa imetoka, na itakuwa imerudi. Ya katikati Mungu anajua."

Mafuta hayakuwapo, kwa kuwa mafuta hutolewa kwa chombo kilicho bandarini, na Kolekole haikuwa bandarini. Hata yangekuwapo, injini ilikuwa haijawashwa tangu ile mvua. Ndipo Sabiha akamkumbuka mdogo wake Suleimani wa Ushongo, mwenye boti ya kuwapeleka watalii kwenye fungu la mchanga. Suleimani akakubali kuja kuivuta.

Aliyekataa alikuwa Kamanda Wilfred. "Kamba itakwangua rangi."

"Afande, mtu anakwenda kumwona Mola wake."

"Na mimi sijamzuia. Ninasema rangi." Mwishowe akakubali kwa sharti kwamba kila mahali kamba itakapogusa pafungwe godoro, na Jumanne akaipaka Kolekole mikono mitatu badala ya miwili, kwa heshima ya mgeni.

* * *

Jumatano saa moja asubuhi Suleimani alifunga kamba kwenye shetri ya Kolekole, yaani nyuma yake, maana ndiyo iliyoelekea nje, akawasha injini zake mbili, akavuta. Maji yakachemka. Kolekole haikutikisika. Akavuta tena. Gati likalia.

"Imeshikwa na nini?" kamanda akapiga kelele, huku ameshika godoro.

Noa akavua shati, akazama na panga, akakaa chini kwa muda wa mtu kusema aya mbili. Alipoibuka alikuwa na pweza begani. "Afande, juu umepaka rangi miaka sita. Chini hukushuka. Huku kuna shamba! Chaza, makome, majani, na huyu bwana alikuwa na nyumba ya vyumba viwili."

Iliwachukua saa nzima kufyeka. Vijana wa soko la samaki la Deep Sea wakaja na ndoo kukusanya chaza, mama mmoja akaanza kuwapangia bei papo hapo ukingoni, na ilipofika saa mbili na robo Kolekole ikatoa mlio kama wa jino linalong'oka, ikaachia, ikaanza kwenda nje kinyumenyume, imevaa magodoro manne, na Uweso amesimama mbele na sare nyeupe akisaidia kusukuma kwa upondo.

Saa hiyo hiyo gari jeusi likaingia getini. Mkaguzi alikuwa ametoka mapema kukwepa foleni za njiani.

Aliitwa Bibiana. Mwembamba, miwani imefungwa mnyororo, mdomo umebanwa kama pochi ya mtu aliyewahi kuibiwa. Alipanda ngazi moja kwa moja mpaka ofisi ya Dorkasi, akaitikia shikamoo bila kumtazama, akasimama dirishani.

"Ile ni nini?"

"Kolekole, Afande."

"Inarudi?"

"Inarudi, Afande."

Bibiana akasogea karibu na kioo. "Mbona inakwenda nje? Tena kwa matako?"

Dorkasi alinyoosha sketi yake. Kiswahili chote cha ofisi alichojifunza kwa miaka ishirini na miwili kikamjia kwa pamoja. "Afande, ipo katika maandalizi ya mwisho ya kurudi."

Mkaguzi hakucheka, hakukemea. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ripoti zako sabini na sita," akasema polepole, "muhuri wa 'Imepokelewa' ni wa kwangu. Kila mwezi. Kwa hiyo, Bi Dorkasi, mimi na wewe tunaitakia boti ile kurudi kwema. Tushuke."

Wakashuka gatini kwenye manyunyu. Sabiha alikuwepo na mwavuli, na nyuma yake, kwenye baraza, masanduku mawili yamefungwa utepe wa kijani ili yasipotee Jedda. Msafara wa hija ulikuwa unaondoka kwa gari saa nane mchana kwenda Dar es Salaam, na gari lingewapitia hapo hapo.

Kolekole ilipita boya, ikageuzwa, ikarudi nyuma ya boti ya Suleimani kama ng'ombe wa maonyesho. Kamanda Wilfred akapiga saluti. Noa akarusha kamba. Uweso akashuka, akasimama wima mbele ya Mkaguzi, na mbuzi wa maziwa, ambaye kwa kanuni alipaswa kuwepo kwenye mapokezi, akalia.

Bibiana akafungua fomu. "Muda wa safari?"

"Miaka sita na miezi minne," akajibu Dorkasi, kwa niaba.

"Hasara?"

"Hakuna."

"Mabaharia wamepungua?"

"Wameongezeka," akasema Noa, akakanyagwa mguu.

"Vizuri." Kalamu ilikuwa inakimbia. Dorkasi alianza kupumua. Kilibaki kipengele kimoja, kile alichoomba tangu Jumapili kanisani kwamba Mkaguzi akiruke. Bibiana hakuwa mtu wa kuruka vipengele. "Kiapo. Serahangi, inua mkono, sema baada yangu: Naapa kwa Mola wangu kwamba chombo hiki kiliondoka siku iliyoandikwa, na kimekuwa baharini mpaka leo."

Uweso aliinua mkono. Akaushusha.

"Hilo sisemi, Afande."

"Sema tu, Serahangi," kamanda akamnong'oneza. "Ni maneno ya fomu."

"Afande, kuivuta boti niliivuta, nikasema ni hila ya kazi. Lakini hili ni jina la Mola. Tanga nzima nimeizunguka natubu, nimelipia jogoo, nimepigwa kofi nikashukuru. Mdomo huu Ijumaa uende ukaitike 'Nimekuja, Ewe Mola, nimekuja,' halafu Jumatano nimeutia uongo kwa jina Lake? Si nitakuwa nimekwenda kutalii?"

"Bila kiapo hakijapokelewa," Bibiana akasema, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka. "Kikiwa hakijapokelewa, kipo baharini. Na wewe upo baharini. Ruhusa siwezi kutia sahihi."

Uweso akageuka kumtazama mkewe. Kile kicheko chake cha kila siku kilikuwa kimeondoka usoni, na bila kicheko alionekana mzee kabisa.

Sabiha akaufunga mwavuli, ingawa manyunyu hayajaisha. "Usiape, mume wangu," akasema. "Twende nyumbani tukafungue masanduku. Al-Kaaba haihami." Akainama, akaanza kufungua ule utepe wa kijani, fundo moja moja, kwa kucha za vidole.

Dorkasi alivitazama vile vidole. Akauona na ule uzi mweusi wa mzee Manase, akauona na mlingoti, na yeye juu yake. Kisha akasikia sauti ya kwanza ya kwaya ya Kilutheri ikitoka kifuani mwake, kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka wauza chaza wakageuka.

"Haikuondoka! Kolekole haikuondoka. Mimi ndiye niliyeandika. Niliandika Ijumaa mambo ya Jumatatu, nikaandika mpaka hali ya bahari, kisha nikaenda kula pilau Soni. Mtu huyu hakuwa baharini siku zote hizo. Sabiha, usifungue!"

Mbuzi peke yake akaendelea kutafuna godoro.

Uweso akamtazama. "Bi Dorkasi. Miaka sita?"

"Miaka sita."

"Na siku ile nakuja kukuomba radhi, ukanidai mfuniko wa sufuria?"

Dorkasi akajitia kumfukuza mbuzi kwenye godoro.

Bibiana alikuwa amesimama kama nguzo. "Unaelewa ulichosema? Kama safari haikuwepo, mihuri yangu sabini na sita ilipokea nini?"

"Ilipokea karatasi, Afande," akasema Dorkasi. Alikuwa ameshazama, na aliyezama haogopi kulowa. "Uliandika 'Imepokelewa.' Hukuandika 'Imeaminika.'"

Mkaguzi akabana mdomo. Pembe moja ya ule mdomo ikatikisika, halafu nyingine, na mara kikatoka kicheko chembamba, kikavu, kama bawaba ya mlango wa ghala lililofungwa tangu uhuru. "Rudia," akasema. Dorkasi akarudia. "Hilo nitalitumia," Bibiana akasema, akajifuta macho. "Leteni kitabu. Sura ya kumi na nne."

Noa akakimbia kukileta. Mkaguzi akaukata uzi kwa meno, akapekua, akasoma Kiingereza kile cha zamani huku midomo ikicheza, kisha akatafsiri kwa sauti:

"'Karani atakayeandika tukio kabla halijatukia, maandiko yake yatangazwe kuwa si kitu mbele ya mabaharia. Naye atanyimwa mgao wake wa pombe kali kwa siku saba, na atasimama sitahani, kichwa wazi, kwa zamu moja, yaani muda wa saa nne.'"

Dorkasi akangoja. "Halafu?"

"Basi."

"Hakuna kutundikwa?"

"Kutundikwa ni kwa anayeiba kondoo wa nahodha. Umeiba kondoo?"

"Hapana, Afande."

"Basi ndiyo hivyo. Pombe unakunywa?"

"Mimi Mlutheri wa kwaya, Afande. Hata togwa nauliza imelala siku ngapi."

"Andika: amenyimwa." Bibiana akainua sauti. "Maandiko ya Januari 2019 si kitu! Kolekole haikuondoka. Serahangi Uweso yupo bandarini, na aliye bandarini anaweza kupewa ruhusa." Akaigonga barua ya ruhusa muhuri juu ya boneti ya gari, akatia sahihi, akaipuliza wino, akamkabidhi Uweso kwa mikono miwili. "Na mimi uniombee, Serahangi. Nimepokea mengi bila kuyasoma."

Vigelegele vya Sabiha vilisikika mpaka Raskazone.

* * *

Adhabu ikaanza saa nne na nusu. Kuhusu kichwa wazi kulitokea mjadala mfupi, kwa kuwa Dorkasi hakuwa na kofia, alikuwa na wigi. Kamanda alisema wigi si kofia. Bibiana akasema si kichwa vilevile. Dorkasi akalivua akampa Sabiha amshikie, na kwa mara ya kwanza kikosi kikamwona karani wake mkuu na nywele zake, fupi, zenye mvi, zinapendeza kuliko zile za dukani.

Sitaha ilikuwa bado mbichi kwa ile mikono mitatu ya jana, na manyunyu yameichelewesha kukauka. Alipofika katikati na viatu vyake vya kisigino, vikazama, vikashika. Kamanda Wilfred akaziona zile alama kumi na mbili za visigino, kutoka ngazini mpaka katikati, akaenda kukaa nyuma ya stoo peke yake, na hakuna aliyemfuata.

Karibu na saa nane, gari la msafara likapiga honi getini. Masanduku yakapakiwa. Uweso, ameshabadili sare, akapanda Kolekole na barua ndani ya kanzu, akatembea kwa ncha za vidole kando ya rangi, akasimama mbele ya Dorkasi.

"Zamu yangu kuomba radhi," Dorkasi akasema. "Kwa neno, kwa kitendo, na kwa wino."

"Wino ndio uliouma," Uweso akasema. Akaangalia maji. "Pale ulipopiga ile kelele, nilikuwa nimeshaanza kuagana na safari moyoni. Wallahi nilikuwa nimeshaagana. Nimekusamehe, Bi Dorkasi. Mfuniko nitakuletea kutoka Madina."

"Nenda, gari litakuacha."

"Huko nikuombee nini?"

Dorkasi alifikiri. Mvua ilikuwa inamchuruzika shingoni, viatu vimeganda, na bado nusu saa nzima.

"Niombee miguu," akasema.

Uweso akacheka, kile kicheko chake cha kijana wa ishirini, mpaka akashika tumbo, akashuka ngazi anacheka, akaingia garini anacheka. Honi ikalia tena. Sabiha akatoa mkono dirishani, na ndani ya mkono huo, kwa bahati mbaya, lilikuwemo wigi, ambalo nalo likaanza safari ya kwenda hija.

Dorkasi akaliona likiondoka. Akainua mkono akawapungia, mpaka gari likapinda kona, kwa sababu kanuni ilisema asimame, haikusema asipunge.